Porsche 911 na hewa ya Eldoret

Leo naweka programu kando niongee habari za gari la kale. Katika Safari Rally, Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972 na Sobieslaw Zasada, 1974 na Björn Waldegård, na 1978 na Vic Preston Jr. Ushindi haikuupata kamwe!

Sasa tuje hapa Eldoret, takriban mita 2,100 juu ya bahari. Hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. 911 za kwanza zilitumia kabureta, na kabureta haijui mlima: inamwaga petroli kana kwamba iko pwani. Plagi zinajaa masizi, gari linakosa nguvu. Dawa yake ni kuweka jeti ndogo, kuendesha kidogo, kisha kufungua plagi na kusoma rangi. Kahawia hafifu, uko sawa. Nyeusi, rudia.

Lakini angalia: teremka Mombasa na jeti hizohizo, petroli inakuwa haba, joto linapanda, na pistoni inaweza kutoboka. Injini nzima imekwisha.

Mimi nikibadilisha mstari mmoja wa programu, naandika nilichobadilisha na sababu yake. Mafundi wengi wa zamani waliweka saizi za jeti kichwani tu. Akistaafu fundi, mwenye gari anabaki kubahatisha. Kama unamjua mzee wa kazi hiyo, kaa naye na kalamu wiki hii.