Chuo Kabla ya Jengo: Asili ya Vyuo Vikuu vya Kale na Amana Iliyo Mikononi Mwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Juma lililopita, tulipokuwa tukitoka katika Tarawehe, kijana wetu mmoja anayesoma hapa hapa Westville alitusimamisha akatuuliza swali. Alisema: “Sheikh, darasani tunaambiwa kwamba chuo kikuu cha kwanza duniani kilikuwa Bologna, Italia. Kwenye simu naletewa ujumbe kwamba kilianzishwa na mwanamke wa Kiislamu huko Fez. Nishike lipi?” Tulimwahidi jibu, na darsa ya usiku wa leo ndiyo jibu lenyewe.

Tuanze na lugha yetu. Katika Kiswahili cha kale, chuo kilikuwa ni kitabu. Kisha mahali pa kusomea kitabu napo pakaitwa chuoni, na mtoto wa Lamu, Mombasa au Unguja akipelekwa kwa mwalimu kusoma Kurani alisemwa ameingia chuoni. Aliyebobea katika elimu akaitwa mwanachuoni. Ilipokuja taasisi kubwa ya elimu ya juu, wenzetu hawakutafuta neno geni. Walisema chuo kikuu. Basi lugha yetu inashuhudia kwamba chuo kikuu ni kile kile chuo cha ukumbini kwa mwalimu, kimekua.

Sasa tutazame Ulaya, kwani mwenye haki apewe haki yake. Bologna huhesabu umri wake tangu mwaka 1088. Oxford ina dalili za masomo tangu mwaka 1096, na Paris ilipata umbo lake kuelekea mwisho wa karne ya 12. Neno la Kilatini lililotumika, universitas, halikuwa na maana ya jengo. Lilikuwa na maana ya chama, watu waliofungamana kwa kusudi moja. Huko Bologna chama hicho kilikuwa cha wanafunzi, wengi wao wageni kutoka nchi za mbali. Waliungana ili wasionewe na wenye nyumba, wakawaajiri walimu wao, na mwalimu aliyechelewa kuingia darasani alitozwa faini. Huko Paris chama kilikuwa cha walimu. Kwa miaka mingi vyama hivyo havikuwa na majengo yao. Walisomeshana katika nyumba za kupanga na makanisani. Kwa maana hiyo ya asili, universitas ni jumuiya ya wageni waliotaka kusoma. Tafadhalini lihifadhini neno hilo, tutalirudia.

Tuje Fez. Mapokezi mashuhuri yanasema kwamba Fatima binti Muhammad al-Fihri, ambaye jamaa zake walihamia Fez kutoka Qayrawan katika nchi ya Tunisia ya leo, alirithi mali akaitumia kujenga msikiti wa al-Qarawiyyin mwaka 859, na dada yake Maryam akajenga msikiti wa Andalusi katika mji huo huo. Habari hii ni nzuri, na tumeisimulia mara nyingi mimbarini. Lakini amana ya elimu inatutaka tuseme yote. Aliyetufikishia habari hiyo ni mwanahistoria Ibn Abi Zar, aliyeandika katika karne ya 14, karibu miaka 500 baada ya tukio lenyewe. Tena katika matengenezo ya msikiti huo, karne iliyopita, lilionekana andiko la kale linalomtaja Dawud bin Idris kuwa ndiye mwasisi, katika mwaka 263 wa Hijra, yaani 877. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya jambo hili. Lisilo na shaka ni kwamba palijengwa msikiti katika karne ya 9, kwamba elimu ilikua ndani yake pole pole, na kwamba haijakatika mpaka leo. Serikali ya Moroko iliifanya kuwa chuo kikuu cha dola mwaka 1963.

Kwa hiyo, kijana wetu, wote wawili waliokuambia wana sehemu ya haki. Bologna ni ya kwanza katika vile vyama vilivyozaa mfumo wa vyuo vikuu vinavyotambulika duniani leo. Al-Qarawiyyin ni kongwe zaidi kama mahali ambapo elimu ya juu imeendelea kusomeshwa. Ukitaka kuitaja, itaje hivyo, wala usizidishe. Uongo hauwi halali kwa sababu tu unawasifu Waislamu, na hasa katika mwezi huu ambao ulimi nao umefungishwa.

Mfano wa pili ni al-Azhar ya Kairo, nao una uhusiano na siku hizi tulizo nazo. Ujenzi wake ulianza mwaka 970, na sala ya kwanza iliswaliwa humo tarehe 7 Ramadhani 361, yaani 22 Juni 972. Watawala walioujenga walikuwa Mafatimi, watu wa madhehebu ya Ismailia. Miaka michache baadaye walimu wakaanza kukaa na kusomesha, na mwaka 988 likafanyika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kuzaliwa kwa chuo kikuu: waziri Yaqub bin Killis aliomba kwa khalifa al-Aziz, wanavyuoni 35 wakapangiwa posho, wakapewa na nyumba karibu na msikiti. Jengo lilikuwa limekwisha kusimama miaka 16. Lililokuwa halijapatikana ni mwalimu mwenye uhakika wa chakula chake.

Kisha tazameni lililotokea. Mwaka 1171 Salahuddin aliuondoa utawala wa Mafatimi. Al-Azhar ilinyimwa hutuba ya Ijumaa na misaada ya dola, na kwa karibu karne moja ilififia. Nguzo zake hazikuvunjwa, kuta zake hazikuanguka. Lakini sauti ya elimu ilipungua. Mwaka 1266 Sultani Baybars aliirudishia hutuba, na posho za walimu na wanafunzi zikarudi, na tangu hapo ikawa ngome ya elimu ya Sunni. Watu wakaweka wakfu: maduka, mashamba, nyumba za kupangisha, ambazo pato lake liliwalisha wanafunzi. Kila kundi la wageni likawa na riwaki yake, yaani bweni lake: Wamaghribi, Washami, Waturuki, na Majabarti wa Pembe ya Afrika. Mtoto wa maskini aliweza kutoka mbali, asiwe na jamaa hata mmoja Kairo, akasoma miaka 10 bila ya kuombaomba.

Tukiviweka vyuo hivi pamoja tunaona mambo matatu. Kwanza, yupo aliyekaa kusomesha. Pili, yupo aliyetoka mbali kusoma. Tatu, ipo mali iliyotengwa, haiuzwi wala hairithiwi, inayowatosheleza hao wawili. Jengo zuri na jina kubwa huja baadaye. Penye mambo hayo matatu huota chuo hata chini ya mti. Yasipokuwapo, hata kasri halisomeshi.

Na pwani yetu, je, ilikuwa nje ya historia hii? Hasha. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mji wa Unguja ulikuwa kitovu cha elimu. Hapo walikuwapo Sayyid Ahmad bin Sumeit na rafiki yake Sheikh Abdalla Bakathir, ambaye alisomesha nyumbani kwake Ukutani. Wanafunzi walimjia kutoka pwani nzima na visiwani, nao waliporudi kwao walifungua darsa zao. Huko Lamu, Habib Saleh bin Alwi Jamalulleil, aliyezaliwa Ngazija, aliasisi Riyadha, na wanafunzi wakaanza kuijia kutoka bara na visiwani. Hapakuwa na cheti chenye muhuri wa serikali. Palikuwa na ijaza: mwalimu anamruhusu mwanafunzi kusomesha kitabu alichokisoma kwake, kama naye alivyoruhusiwa na mwalimu wake.

Tena lipo jambo ambalo watoto wetu wa Afrika Kusini wanastahili kulijua. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waislamu wa Cape Town walikuwa wamegawanyika juu ya masuala ya dini. Aliyesafiri kutoka Unguja kwenda kuwasuluhisha alikuwa ni Sheikh Abdalla Bakathir. Chumba kimoja cha darsa, katika uchochoro wa mji wa mawe, kilikuwa na uzito wa kusikilizwa mpaka ncha ya bara hili.

Na hapa Durban? Tangu mwaka 1873 waliletwa bandarini hapa watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja waliitwa Wazanzibari. Wadhamini wa Msikiti wa Juma wa Grey Street waliwapatia ardhi ya amana huko Kings Rest, katika Bluff, na juu ya ardhi hiyo wakaswali, wakasomesha watoto wao na wakazika maiti wao. Katika miaka ya 1960 sheria za ubaguzi ziliwahamisha kwa nguvu kwenda Chatsworth, lakini dini yao haikupotea, kwa sababu ilikwisha kupata mahali pa kusomeshwa kwa vizazi kadhaa.

Pia yuko Hajee M. L. Sultan, aliyekuja Natal kutoka kusini mwa India akiwa kibarua wa mkataba. Alipojaliwa mali, alitoa sehemu yake ili watoto wa Kihindi, waliofungiwa milango, wapate chuo cha ufundi. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1946, leo kimo ndani ya chuo kikuu cha teknolojia cha mji huu. Hata kampasi hii ya Westville ina somo. Mwanzo wake ni chuo cha Wahindi kilichofunguliwa mwaka 1961 katika Salisbury Island, ndani ya bandari, kwa sera ya kutenganisha watu kwa rangi. Mwaka 1972 kikahamia huku kilimani, na mwaka 2004 kikaunganishwa katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Waliokijenga walikusudia kubagua. Wanafunzi na walimu wakakigeuza kuwa mahali pa kupinga ubaguzi. Na leo mtoto wa Mtanzania, wa Mkenya na wa Mkongo anaingia katika lango lile lile.

Sasa tuje kwetu wenyewe, kwani historia isiyomgusa msikilizaji ni hadithi ya kupitishia usiku. Kwa miezi kadhaa jumuiya yetu inajadili fedha zilizochangwa. Wako wanaotaka ukumbi, na haja hiyo tunaifahamu: harusi zetu, matanga yetu na futari zetu zinahitaji mahali. Lakini tukumbushane. Mwaka juzi mwalimu wetu wa darsa ya jioni aliondoka. Hakugombana na mtu. Posho yake ilichelewa mara tatu, naye ana watoto. Mwaka huo huo tulinunua mazulia mapya. Sisi tunaozungumza nanyi tulikuwamo katika kikao hicho na tuliunyanyua mkono wetu pamoja na wenzetu. Tunaikiri kasoro hiyo mbele yenu. Mazulia yapo, ni mazuri. Na watoto waliokuwa wamefika juzuu ya tano wamesimama pale pale.

Rai yetu ni hii. Tuanze na walichoanza nacho wenzetu wa kale. Kabla ya ukumbi, tununue nyumba ndogo, hata ya vyumba viwili, tuipangishe, tuiandikie hati ya wakfu kwa mujibu wa sheria ya nchi na ya dini, na kodi yake iwe ya mwalimu na vitabu, isiguswe kwa jambo jingine. Wadhamini wawe wanaume na wanawake, na kila Ramadhani wasome hesabu hapa mbele ya watu. Kina mama wawe na darsa yao yenye mwalimu wake. Na wanafunzi wetu wanaotoka mbali, wanaofuturu peke yao vyumbani, wawe na mlango wa kubisha hodi. Ukumbi utakuja kwa wakati wake, insha'Allah, nao utakapokuja utamkuta mwalimu ndani yake.

Tumesema kwamba universitas ilikuwa jumuiya ya wageni waliotaka kusoma. Sisi ni wageni, na jumuiya tunayo. Limebaki la tatu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Mwenye kuweka wakfu kwa ajili ya mwalimu wa watoto amezikusanya zote tatu katika hati moja. Na mwezi huu ndio ambao amri ya kwanza iliyoshuka ilikuwa ni kusoma.

Kikao cha jumuiya ni Jumapili baada ya Adhuhuri. Tunawaomba mje, na anayepinga rai hii aje pia, kwani shura ni ya wote.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu, warehemu walimu wetu waliotutangulia, wanufaishe watoto wetu kwa elimu, na utujaalie tuwe waaminifu wa amana. Amin. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.