Jiwe Zima na Ukoka

Nkome iko kando ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Geita, ambako jiwe hutafutwa kwa ajili ya dhahabu iliyomo ndani yake. Machimbo makubwa ya Geita yalifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966, na mengine yakafunguliwa mwaka 2000. Katika kazi hiyo jiwe husagwa likawa unga. Lakini iko kazi nyingine, ya kale zaidi, ambayo hulitaka jiwe likae zima: kazi ya ujenzi.

Watu wa Afrika ya Mashariki waliunga mawe kwa njia mbili. Wa pwani ya bahari walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakajengea kuta na kutwanga sakafu isiyoota jani. Wa upande wa mashariki wa Ziwa, huko Thimlich Ohinga karibu na Migori, walipanga mawe matupu, makubwa nje na ndani, madogo katikati. Kuta hizo, zinazodhaniwa kuwa za karne ya 16, zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na mwaka 2018 zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Atakaye kutandika ua wa mawe Nkome hufuata njia ya pili. Huchimba udongo kiasi cha shubiri moja, hushindilia kokoto na mchanga, na kuacha mteremko mdogo ili maji yasielekee nyumbani. Kisha hulaza mawe bapa, kila moja likijaribiwa kwa mguu lisitikisike, na katikati huacha mwanya wa vidole viwili. Mwanya hujazwa udongo, ukapandwa ukoka. Mvua hunywewa hapo hapo, na mizizi yake myembamba huushika udongo usichukuliwe.

Hata hivyo mmea si rafiki siku zote. Gedi, karibu na Malindi, ilihamwa katika karne ya 17. Miti ikaota juu ya kuta zake za chokaa, mizizi ikazipasua. Watu walitangulia kuondoka, mizizi ikafuata. Kwa hiyo mwenye ua hupunguza ukoka usifunike mawe, na mche wa mti huung'oa ungali mchanga. Ua wa namna hii hudumu maadamu yupo wa kuinama.