Mpira, Mkonge na Sandarusi: Historia ya Majina ya Maada Laini katika Mwambao wa Tanga

Katika Kiswahili jina la mti na jina la zao lake huwa na uhusiano wa kawaida. Mnazi huzaa nazi, mwembe huzaa embe, na mchungwa huzaa chungwa. Mti huchukua kiambishi m-, na tunda huingia katika ngeli nyingine. Lakini ziko bidhaa tatu za mwambao wa Tanga na Pangani zisizofuata njia moja. Sandarusi hutoka katika mtandarusi, katani hutoka katika mkonge, na mpira hutoka katika mpira. Hitilafu hizi si za sarufi tu, zimebeba historia. Nayo historia hiyo yafaa kuangaliwa, kwa kuwa wanafizikia wamekwisha kuziweka bidhaa hizo tatu katika jamaa moja, na maneno ya kuieleza jamaa hiyo kwa Kiswahili bado yanahitajiwa.

Sandarusi ndiyo iliyotangulia katika biashara ya mbali. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, likaja na wafanyabiashara wa bahari. Baada ya Sayyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833, sandarusi ya Mrima ilipelekwa kwa wingi Salem, katika Massachusetts, ikatengenezwa vanishi. Iliyo bora haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini, mara nyingi mahali ambapo mti wenyewe ulikuwa umetoweka zamani. Basi si ajabu kwamba jina la zao lilitangulia, na mti ukaitwa kwa jina la zao: wengine wakasema msandarusi, wengine mtandarusi. Wachimbaji walitofautisha pia sandarusi iliyokomaa na ile mbichi, waliyoiita chakazi. Richard Burton, aliyesafiri katika nchi hizi miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kwamba wafanyabiashara wa Unguja walilipotosha neno chakazi hata likafanana na jina la punda dume katika Kiingereza. Walakini tofauti iliyomo katika neno hilo ilikuwa ya kweli. Utomvu uliokaa ardhini miaka mingi huwa mgumu na hauyeyuki upesi. Ule mbichi hulainika kwa urahisi.

Mpira ulipata jina lake kwa njia nyingine. Mmea ulioitwa hivyo kwanza ulikuwa mtambaa wa porini, ambao wataalamu wa mimea waliuita Landolphia kirkii kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza katika Unguja. Mkusanyaji alikata gome, utomvu ukatoka na kuganda, naye akauvuta nyuzi nyuzi na kuuviringa mpaka ukawa tonge. Tonge hilo ndilo lililouzwa. Katika mkono wa mkusanyaji, kitu na umbo lake vilikuwa kimoja. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalipa neno mpira maana ya mmea, ya kitu kitokacho katika mmea, na ya tufe la kuchezea, bila kubadili ngeli hata mara moja.

Walipotawala Wadachi, mti mwingine uliletwa, asili yake ni Brazil, nao ni Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo. Ulipandwa katika mashamba makubwa nyuma ya Tanga, hasa upande wa Muheza. Mti huu haukufanana na mtambaa wa porini kwa jani wala kwa shina, lakini utomvu wake ulifanya kazi ile ile, na kwa hiyo ukaitwa mpira. Bei ilipanda sana kufikia mwaka 1910. Kisha mashamba ya Malaya na Ceylon, yaliyotokana na mbegu alizozitoa Henry Wickham Brazil mwaka 1876, yakajaza soko, na mwaka 1913 bei ikaanguka. Miti ikaachwa, lakini jina halikuachwa. Hata leo majani yake huliwa kwa jina la kisamvu cha mpira. Katika kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wadachi mwaka 1902, H. H. Storey na wenzake walianza katika miaka ya 1930 kuupandanisha mti huo na muhogo, ili wapate mihogo ya kustahimili ugonjwa wa batobato.

Mkonge nao ulirithi jina. Kabla ya mwaka 1893 mkonge ulikuwa mmea wa porini wenye majani marefu, wa jamaa ya Sansevieria, uliotoa nyuzi za kamba. Mwaka huo Dakta Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mmea wa Mexico kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mgeni huyu alitoa nyuzi kama mwenyeji, akapewa jina la mwenyeji. Nyuzi zake ziliitwa katani, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kitani. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Baada ya hapo uzi wa polipropilini, utengenezwao viwandani kwa mafuta ya petroli, uliivunja bei, na mashamba mengi ya Tanga yakaota magugu.

Ajabu ya habari hii ni kwamba aliyeshinda na aliyeshindwa walikuwa wa ukoo mmoja. Mwaka 1920 Hermann Staudinger, Mjerumani, alidai kwamba vitu kama mpira vimejengwa kwa molekuli ndefu mno, mithili ya minyororo yenye maelfu ya pete. Wenzake wengi walimpinga. Mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel. Katani ni minyororo iliyolala sambamba, na kwa hiyo haikubali kuvutwa. Sandarusi ni minyororo iliyofungamana kadiri ya miaka, hata ikawa ngumu kama kioo. Mpira ni minyororo iliyojikunja ovyo, iliyo huru kutikisika.

Uhuru huo ndio siri ya mpira. Mwaka 1805 John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu, alieleza kwamba ukanda wa mpira ukivutwa upesi na kuguswa kwa mdomo huonekana kuwa na joto. Tena, mpira ulioning'inizwa uzito hufupika ukipashwa moto, hali chuma hurefuka. Sababu yake ni kwamba kuvuta huinyosha minyororo, na joto huitikisa ikatake kurudi katika mkunjo wake. Kwa hiyo mpira haurudi kama upinde wa chuma unavyorudi. Hurudi kwa mtikisiko wa joto lililomo ndani yake.

Sasa yaangaliwe matumizi ya watu. Mrija wa kumwagilia bustani huitwa mpira, ingawa leo hutengenezwa kwa plastiki. Tufe la uwanjani huitwa mpira, hata likiwa na ngozi nje. Neno limekwisha kuacha mmea na kushika tabia: kunyumbuka, kuvutika, kudunda. Ndivyo lilivyofanya lilipotoka kwenye mtambaa kwenda kwenye mti wa Brazil, na ndivyo lilivyofanya neno mkonge. Wasemaji wa Kiswahili walivipa vitu vigeni majina kwa kuangalia vifanyavyo, si vitokako.

Wanafizikia walifika njia hiyo hiyo baadaye. Pierre-Gilles de Gennes, Mfaransa, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991, aliipa hotuba yake jina la maada laini, akakusanya chini ya jina hilo vitu vya asili mbalimbali kwa sababu vyote hubadilika sana kwa nguvu ndogo. Tangu mwaka 1977 imejulikana tena kwamba baadhi ya minyororo hiyo yaweza kupitisha umeme. Wagunduzi wake, Heeger, MacDiarmid na Shirakawa, walituzwa mwaka 2000, na kutokana na elimu hiyo zimetokea seli za umeme wa jua, nyembamba na zenye kukunjika.

Jina la jamaa yote, polima, halina budi kukopwa, kwani jamaa hiyo haikujulikana na taifa lolote kabla ya karne ya ishirini. Lakini tabia zake zilijulikana Pangani na Muheza kwa majina yake: kunata, kuganda, kukomaa, kunyumbuka. Mwanafunzi akifundishwa tabia hizo kwa maneno ya kukopa peke yake, ataona kwamba elimu hii ilianza ng'ambo, ilhali chakazi ilitofautishwa na sandarusi hapa hapa, kwa mkono na kwa jembe, kabla mtu yeyote hajahesabu pete za mnyororo.