Breki za Motokaa za Vijana wa California

Wasikilizaji, kijana akisifu motokaa yake husifu mbio zake. Ni nadra kumsikia akisifu breki. Ndivyo walivyokuwa vijana wa California, nchini Marekani, katika miaka ya 1930. Walinunua Ford kuukuu kwa bei rahisi, wakazipunguzia uzito, wakazitengeneza injini upya, kisha wakaenda kushindana huko Muroc, katika uwanda wa ziwa lililokauka. Motokaa hizo ndizo zilizokuja kuitwa hot rod.

Taabu ilikuwa katika kuzisimamisha. Mwaka 1932 Ford alitoa motokaa ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 65, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Lakini breki zake zilivutwa kwa fimbo za chuma kutoka kwenye kanyagio. Fimbo moja ikilegea kuliko wenzake, gurudumu moja hushikwa na jingine huachwa, na motokaa huvutwa upande. Tena fahamuni jambo hili, hasa ninyi wanafunzi wa hesabu: mbio zikizidi mara mbili, nguvu ya mwendo ambayo breki yapaswa kuizima huzidi mara nne. Basi aliyeongeza mbio asiguse breki alikuwa akicheza na roho yake, na roho za wapita njia.

Nayo dawa ilikwisha kujulikana. Malcolm Loughead alikuwa amebuni breki za mafuta, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ilizifunga katika magurudumu yote manne. Chrysler akafuata mwaka 1924. Dereva akikanyaga, mafuta yaliyofungiwa katika mirija hupeleka mkazo ule ule kila gurudumu. Ndani ya ngoma, vipande viwili vya chuma, vilivyopindika kama mwezi mchanga, hutanuka vikaikaza ngoma. Henry Ford alizikataa breki za mafuta mpaka mwaka 1939.

Alipokubali, vijana hawakukawia. Walivua breki za mafuta katika Ford mpya zilizovunjika, wakazifunga kwenye zile za zamani. Ekseli ilizipokea kwa kazi ndogo, ila ilibidi kutafuta mahali pa silinda kuu. Waliotaka bora zaidi walitafuta za Lincoln, za namna ya Bendix: humo gurudumu lenyewe, kwa kuzunguka, hukokota kipande cha kwanza, nacho kikasukuma cha pili, hata mguu usichoke.

Likabaki joto. Ngoma ikipata moto hutanuka ikavikimbia vipande vyake, na kanyagio huzama. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 walizipenda ngoma za Buick, za alumini, zenye mapezi ya kupozea. Lakini mwaka 1953 Jaguar ilikuwa imekwisha kushinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa breki za sahani, zisizo na ngoma kabisa. Siku hizi wako mafundi wanaofunga breki za sahani katika hot rod, wakazifunika kwa ganda lililochongwa mfano wa ngoma ya Buick, mapezi na yote.