Chai ya Maziwa na Mkate: Ni Mila Yetu, ama Mazoea ya Miaka Mia Tu?

Wiki ya sita baada ya kujifungua niliona damu kwa nepi ya mtoto wangu. Haikuwa nyingi, ilikuwa kama nyuzi nyekundu zimechanganyika na choo. Mashavu yake yalikuwa yamejaa ukurutu na usiku alilia hadi sauti ikakauka. Daktari alimpima, akaniuliza maswali mengi, halafu akanipa jibu ambalo sikulitarajia: acha maziwa ya ng'ombe. Mtoto aendelee kunyonya, mimi ndiye niache. Protini ya maziwa ninayokunywa inaweza kupita kwa damu yangu, ikaingia kwa maziwa ya matiti, na mwili wake ulikuwa unaikataa.

Nilipofika nyumbani vita vikaanza. Mathe akauliza, "Mama anayenyonyesha atakosaje chai?" Shangazi akasema hayo ni magonjwa ya watoto wa matajiri. Kila mgeni aliyekuja kumwona mtoto alibeba pakiti mbili za maziwa na mkate, na nikikataa naonekana nina madharau. Sentensi niliyoisikia zaidi ni hii: "Sisi tangu zamani tunakunywa chai ya maziwa."

Tangu zamani gani? Hiyo ndiyo nilianza kuitafuta usiku, mtoto akiwa begani, simu mkononi. Wasee, nilichokipata kilinishangaza.

Tuanze na majani chai. Hapa Kenya yalipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Ngano nayo? Lord Delamere, mlowezi aliyepewa ardhi kubwa Njoro, alihangaika nayo sana mwanzoni mwa karne iliyopita. Ugonjwa wa kutu ulimmalizia shamba, ikabidi alete mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Mwaka 1925 walowezi wakaunda KCC kuuza maziwa na siagi. Mkulima Mwafrika wa kawaida hakuwa na nafasi kwenye biashara hiyo. Mlango ulianza kufunguka kwa wengi na Mpango wa Swynnerton wa 1954, pale ambapo serikali ya kikoloni ilikubali Waafrika wengi zaidi wafuge ng'ombe wa gredi na kupanda mazao ya kuuza.

Sasa piga hesabu. Kikombe cha chai yenye maziwa na slesi mbili za mkate mweupe, kile kitu tunakiita kiamsha kinywa cha Mkenya, kwa familia nyingi za bara hakijafikisha hata miaka mia. Shosho ya shosho yangu alizaa na kulea bila hiyo chai.

Lakini tusidanganyane pia. Maziwa yenyewe si mageni hapa. Wamaasai, Wakalenjin, Wasamburu na wafugaji wengine wamekunywa maziwa kwa maelfu ya miaka, na hata miili imeandika hiyo historia. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa jeni za watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua kwamba jamii za wafugaji huku zina mabadiliko ya jeni yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya laktosi, ile sukari ya maziwa, na kwamba mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Yalitokea hapa Afrika yenyewe. Lile lililo la kawaida zaidi Kenya na Tanzania walikadiria lina kati ya miaka 3,000 na 7,000.

Asiye na jeni hiyo si mgonjwa. Watu wazima wengi duniani wako hivyo, uwezo wa kumeng'enya laktosi hupungua wakishaacha unyonyeshwaji. Na hata wafugaji hawakunywa tu maziwa mabichi. Mursik ya Wakalenjin hugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, na bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya ile laktosi. Maziwa lala ni hivyo hivyo. Watu walijua tumbo linatulia zaidi na maziwa yaliyolala kabla neno "laktosi" halijawafikia.

Mathe alicheka nilipomsomea hii. Akakumbuka Maziwa ya Nyayo, yale Rais Moi alianza kugawa shule za msingi mwaka 1979. Anasema darasani mwao walikuwepo watoto waliokuwa wakiwapa wenzao pakiti zao kila mara, na mwalimu akawaona wakaidi. "Labda tumbo lilikuwa linawasumbua tu," akasema. Hiyo ndiyo siku ya kwanza aliacha kunibishia.

Hapa nisikuchanganye. Shida ya mtoto wangu si laktosi. Maziwa ya matiti yenyewe yana laktosi nyingi, na mama hawezi kuipunguza kwa kubadilisha chakula. Yake ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana ushauri wa "basi kunywa ya mbuzi" haukunisaidia. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno.

Hii kazi ya mama kugundua tatizo kabla ya wengine nayo ina historia. Uholanzi kulikuwa na daktari wa watoto, Willem Dicke. Watoto wenye siliaki walikuwa wanakonda na kuharisha, na dunia haikujua sababu. Marekani, daktari Sidney Haas alikuwa akiwalisha ndizi tangu miaka ya 1920, na wengi walipata nafuu, lakini sifa zote zilienda kwa ndizi. Inasimuliwa kwamba Dicke alianza kushuku ngano baada ya mama mmoja kijana kumwambia upele wa mtoto wake hupungua akimwondolea mkate. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita. Mkate ukapotea. Watu walikufa kwa njaa, lakini watoto wa siliaki hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa, wengine walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 Dicke aliandika tasnifu yake kuhusu ngano na ugonjwa huo.

Yule mama, jina lake halimo kwenye vitabu. Nimemfikiria sana usiku.

Sasa jikoni. Mkate wa dukani mara nyingi huwa na maziwa ya unga, keki huwa na siagi, hata biskuti nyingine ukisoma pakiti utayakuta. Kwa hivyo niliamua kupika mwenyewe, na hapo ndipo pwani iliniokoa. Jirani yetu mzaliwa wa Lamu aliniambia, "Mwanangu, sisi hatuhitaji maziwa ya ng'ombe kuoka." Akanifundisha mkate wa kumimina. Unaloweka mchele usiku kucha, unausaga na tui zito la nazi, unatia sukari, iliki na hamira, unauacha uumuke, halafu unaumimina kwa sufuria iliyopakwa mafuta. Moto mdogo chini, makaa juu ya kifuniko. Hauna maziwa, hauna ngano. Vitumbua pia ni mchele na nazi. Mahamri yana ngano, lakini hukandwa kwa tui.

Mkate wangu wa kwanza ulitoka kama tofali, manze. Niliharakisha, haukuwa umeumuka. Wa tatu uliliwa wote kabla ya saa nne asubuhi.

Shosho naye alipokuja kutoka Murang'a alibeba njahi na unga wa wimbi bila kuambiwa. Kwa Wakikuyu njahi ni chakula cha mama aliyejifungua tangu kitambo. Wimbi lilianza kulimwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Halina gluteni, na gramu 100 za unga wake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi. Kikombe kimoja cha uji hakitoshi, kwa hivyo niliongeza omena na mboga, na kliniki wakanipa vidonge vya kalisi. Lakini aliyeniambia nitakosa nguvu bila chai alikosea.

Siwezi kusema enzi za kina shosho zilikuwa bora. Shosho mwenyewe aliniambia alimzika mtoto aliyeharisha hadi akaisha, na hadi leo hajui alikuwa na nini. Chakula cha zamani peke yake hakikumwokoa. Mimi nilikuwa na daktari na wimbi, yeye alikuwa na wimbi tu. Ndiyo maana nakuomba usijiondolee vyakula kwa kusoma simu. Ukishuku siliaki, kwa mfano, pimwa kwanza ukiwa bado unakula ngano, la sivyo kipimo kinaweza kukosa kuonyesha.

Damu ilikoma baada ya wiki tatu hivi. Watoto wengi huupita mzio huu wakiwa bado wadogo, na tutamjaribisha maziwa daktari akisema. Kwa sasa wageni wakija nawapa chai ya rangi yenye tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina. Shangazi aliomba cha pili.

Ukienda ushago Desemba, muulize shosho wako alikula nini wiki ile alipojifungua, na uandike. Usingoje matanga ndiyo uanze kuuliza.