Baada ya Kuzima Redio

Desemba 1970, katika salamu zake za mwaka mpya, Rais Julius Nyerere alizitaja wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla 1971 haijaisha: Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Rungwe, Masasi na Mafia. Kila nikiisoma orodha hiyo, macho yangu hukwama kwenye jina la mwisho. Kilimanjaro ilikuwa na kahawa, na shule za misheni za tangu enzi za Wajerumani. Sisi tulikuwa na minazi, samaki na majahazi.

Nafundisha Historia katika shule ya sekondari kisiwani hapa, na siku hizi mazungumzo ya ofisi ya walimu ni madarasa janja. Baada ya Sensa ya 2022, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu nchi nzima, vikiwemo vile makarani walivyotumia kuhesabu watu. Sasa tunazungumzia projekta, video na masomo ya mtandaoni, na hoja ni moja: vitawafanya wanafunzi washiriki. Labda. Ila swali la ushiriki halikuja Mafia na kioo cha kugusa. Lilikuwepo wakati chombo kilikuwa chaki na taa ya chemli.

Fikiria kazi ya mwalimu wa kisomo mwaka ule. Mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, au kijana aliyemaliza darasa la saba, amesimama mbele ya watu wenye umri wa wazazi wake. Mtu mzima aliyetoka baharini au shambani huwezi kumchapa wala kumwita mzazi wake. Somo likimchosha, anainuka na kwenda zake. Ndiyo maana mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanza Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, ulitunga vitabu vya kujifunzia kusoma kutokana na kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi. Msomaji alikutana kwanza na maneno ambayo tayari alikuwa na la kusema juu yake.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takribani watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, vikiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Kwa wiki kumi na mbili walisikiliza vipindi vya malaria, kuhara, kichocho na maji safi. Lakini kipindi kilikuwa sehemu fupi tu ya mkutano. Kikiisha, kiongozi alizima redio. Kijitabu kilisomwa kwa sauti, wasiojua kusoma wakisikiliza, kisha likaja swali: je, hapa kwetu hali ikoje? Mkutano ulitakiwa kuisha kwa azimio: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Redio ilileta habari, na kazi ya kufikiri ilifanywa na kikundi.

Sitaki kuupamba wakati ule. Kulikuwa na shinikizo la kutimiza tarehe, na panapokuwa na shinikizo watu huhesabu vichwa kuliko maarifa. Hata hivyo, kitaifa, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Uchumi ulipobana miaka ya 1980, fedha za kisomo zilipungua, na baadaye idadi yao ikaanza kupanda tena. Chombo kisichopewa mafuta, betri na mwalimu hugeuka pambo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vikundi vile vilikuwa nalo na wanafunzi wangu hawana: lugha. Redio ilisema Kiswahili, na waliojadili walijadili kwa Kiswahili. Mtoto wa Jibondo au Kirongwe husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Ukimwonyesha video nzuri ya Vita vya Maji Maji kwa Kiingereza, atatulia tuli. Mgeni akichungulia dirishani ataona darasa lililovutiwa. Mimi nimejifunza kuushuku utulivu huo.

Kwa hiyo ninafanya kama viongozi wa 1973. Dakika tano za video, kisha nazima. Watano watano, kwa Kiswahili kwanza: nani alipigana, kwa nini, na wewe ungeamini maji yale? Hapo kelele huanza. Baadaye tunayatafuta maneno ya Kiingereza, maana mtihani hautawasubiri. Wapo wasichana ambao sauti zao nilizisikia mara ya kwanza katika dakika hizo, skrini ikiwa nyeusi.

Vishikwambi vije, na umeme wa uhakika uje. Mafia ilitajwa miongoni mwa wilaya sita. Haistahili kuwa ya mwisho safari hii. Lakini fomu za ukaguzi zikija kuuliza tuna vifaa vingapi, ningependa ziongeze swali la pili: vikizimwa, nani anaongea?