Kezilahabi: Kwa nini riwaya zake za mwisho ziliwatatiza wasomaji?

Mtaje Euphrase Kezilahabi kwa mtu aliyesoma sekondari Tanzania, na huenda kitabu cha kwanza atakachokitaja ni Rosa Mistika. Muulize kuhusu Nagona. Wengi hunyamaza, au husema waliianza wakaiacha njiani. Mwandishi ni yuleyule, sasa nini kilibadilika?

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, inamhusu binti wa kijijini mwenye baba mkali na mlevi. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ilizungumzia mambo ya mapenzi bila kuficha. Lakini hata waliokasirika walikuwa wameielewa. Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 nayo iligusa kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa, jambo ambalo wasomaji wengi walikuwa wameliona kwa macho yao.

Kisha ikapita miaka 11 bila riwaya mpya. Katika muda huo alisoma Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1985. Alichunguza falsafa ya Kiafrika na namna fasihi inavyofasiriwa. Nagona ikatoka mwaka 1990, Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, lakini msomaji aliyetafuta kijiji, familia na kisa chenye mwanzo na mwisho hakuvipata. Katika Nagona msimulizi yumo safarini, mambo yanatokea kama ndotoni, na majina ya wanafalsafa kama Plato na Nietzsche yanajitokeza. Mzingile maana yake ni njia za kupotezana, na jina hilo linakifaa kitabu.

Lawama zilikuja: haeleweki, amewaiga Wazungu, amewasahau watu wake. Lawama ya kwanza ina ukweli, kwa maana vitabu hivi ni vigumu kweli. Hiyo ya kuiga ndiyo isiyosimama vizuri. Safari ya ajabu, wazee wanaosema kwa mafumbo, mzee Kakulu ambaye kuzaliwa kwake kunasimuliwa kama ngano: haya bibi zetu waliyasimulia jioni, wala hakuna aliyewauliza mji ule uko mkoa gani. Tatizo ni kwamba tukikiona kitabu chenye jina "riwaya" tunakisoma kama habari ya jambo lililotokea.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwake kupingwa. Mwaka 1974 alipotoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, baadhi ya washairi walisema hayo si mashairi kabisa. Leo mashairi ya namna hiyo yanafundishwa madarasani.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Anayetaka kuifikia Nagona asitoke Rosa Mistika akaruka moja kwa moja. Apitie kwanza Kichwamaji ya mwaka 1974. Humo kuna Kazimoto, kijana msomi anayejiuliza maisha yana maana gani hadi swali lenyewe linamshinda. Maswali ya Nagona yalikuwa yameshaanza hapo, ila bado yalikuwa na nyumba, ndugu na kijiji. Akishafika Nagona, asome kurasa chache kwa sauti, kama anayemsimulia mtu hadithi.